Eti "ringa ringa" ni wimbo wa maiti wa tauni? Mwenye kujua anisaidie

MamaNasra_Tandika:

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Naandika usiku huu kwa sababu kuna jambo limenikaa rohoni tangu Ijumaa na kazi haiendi.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tandika. Binti yangu Nasra ana miaka mitano na nusu, yuko chekechea ya mchepuo wa Kiingereza, na mwezi ujao wana mahafali. Darasa lao limepangiwa nyimbo tatu: ule wa kuzunguka duara, ule wa daraja la London, na ule wa Humpty Dumpty aliyekaa ukutani. Magauni ya wasichana kumi na wanne nimepewa mimi nishone, satini ya pinki, mikono ya puto, ribeni kiunoni. Kwa hiyo nyimbo hizi nazisikia asubuhi na jioni. Nasra anaimba akiwa amesimama juu ya stuli nimpime pindo. Kwa matamshi yake ni hivi: "Ringa ringa rozi, poketi fulofu pozi, atishu, atishu, olifoldauni." Akifika hapo anaruka kutoka kwenye stuli, anajiangusha juu ya mabaki ya vitambaa na kucheka mpaka anapaliwa.

Sasa Ijumaa mzazi mmoja akatuma kwenye grupu letu la WhatsApp sauti ya dakika nne, imeshapita kwenye magrupu mengi. Anayeongea hajitambulishi. Anasema "rozi" ni vipele vyekundu vya tauni iliyoua watu London zamani. "Pozi" ni maua waliyotia mfukoni kuzuia harufu ya maiti. "Atishu" ni chafya, dalili ya mwisho. Na "olifoldauni" ndiyo wote wamekufa. Akaenda kwenye daraja: eti walizika watoto wazima kwenye misingi yake ili lisimame. Humpty Dumpty eti ni mzinga wa vita. Kondoo mweusi wa ule wimbo mwingine eti ni watumwa. Akamalizia kwamba mtoto anayeimba maneno haya anaita mauti nyumbani kwao bila kujua.

Wakuu, grupu liliwaka. Wazazi watatu wanataka nyimbo ziondolewe zote. Mmoja ameniandikia pembeni nirudishe hela ya gauni, na satini nimeshaikata.

Lakini hela si neno kubwa. Mwaka juzi nilizika mtoto, mdogo wake Nasra, akiwa na miezi saba. Jumamosi jioni Nasra akaanza "atishu, atishu", akajiangusha kama kawaida yake, akalala pale chini kafumba macho akisubiri nicheke. Nikamfokea, nikamwambia nyamaza, usiimbe tena hayo. Akanyamaza kweli. Mpaka leo Jumatatu hajaimba kitu, hata nikimpima anasimama kimya kama nguo iliyotundikwa.

Naomba mwenye elimu ya mambo haya aniambie. Je, ni kweli? Kama ni kweli, nani aliyesema, na alijuaje? Sitafuti maneno ya kunituliza. Nataka kujua, ili nimwambie mwanangu kitu cha haki.

Kaka_Mbezi:

Pole sana mama Nasra kwa msiba. Hilo la tauni ni kweli, mimi nalijua tangu nipo sekondari, mwalimu wetu wa historia alituambia na nimelisoma sehemu nyingi mtandaoni. Wanangu nimewakataza kabisa. Ushauri wangu, ongea na walimu waweke nyimbo zetu. Kwani lazima tuimbe za wenzetu?

Nesi_wa_Usambara:

Mama Nasra, pole mwanangu. Mimi ni muuguzi mstaafu, sasa naishi Kimara kwa binti yangu, lakini miaka yangu mingi ya kazi ilikuwa Lushoto. Naandika kwa sababu tauni sikuisoma tu. Nimeihudumia.

Wengi hapa Dar hawajui kwamba tauni imewahi kututesa hapa hapa nchini. Kule Usambara Magharibi ilianza 1980 na ikawa inarudi karibu kila mwaka kwa zaidi ya miaka ishirini. Tulikuwa tunaijua kwa panya. Mama anakuja kituoni anasema panya wanakufa wenyewe ndani ya nyumba, hakuna aliyetega sumu, wanaanguka kutoka darini. Hapo sisi tunaanza kujiandaa. Panya akishapoa, viroboto wake humhama wakatafuta damu nyingine, na walioumwa zaidi walikuwa watoto na akina mama, waliolala chini na kushinda jikoni na ghalani.

Sasa nikueleze mgonjwa wa tauni anakujaje. Homa inampanda ghafla, asubuhi alikuwa shambani, jioni hawezi kusimama. Kichwa kinamgonga. Halafu mtoki: uvimbe kinenani au kwapani, unaweza kufika ukubwa wa yai la kuku, na unauma kiasi kwamba mtoto hataki kubana mkono wala kufunga miguu. Ndiyo maana Kiswahili kinaiita tauni ya mitoki. Namkumbuka mtoto mmoja wa umri wa Nasra wako, alibebwa mgongoni akiwa ametanua mguu mmoja pembeni. Kabla hata sijamgusa nilishajua kilichopo. Tulimchoma streptomaisini, siku ya nne akaomba ugali.

Chafya si dalili ya tauni. Nimeona wagonjwa wengi, sikumbuki hata mmoja aliyeletwa kwa sababu ya chafya. Iko tauni ya mapafu, hiyo ni kali mno na inapita kwa hewa, lakini mgonjwa wake anakohoa, anatoa makohozi yenye damu. Na duara la vipele vyekundu kama waridi silo tulilokuwa tukilitafuta mwilini mwa mtu, tulitafuta mtoki. Kwa hiyo huyo aliyerekodi sauti hajui ugonjwa anaousema. Angekaa siku moja wodini asingeuchanganya na mafua.

Na jambo moja la mwisho. Watoto wa kule walicheza duara miaka yote hiyo. Walicheza hata mlimani jirani na kituo, nikiwasikia huku nachemsha sindano. Hakuna mama aliyesema wanaita tauni. Tulijua inakoletwa: ni panya na kiroboto, na tulipuliza dawa ya viroboto majumbani.

Mwalimu_Mstaafu_Temeke:

Dada nesi, asante, umesema lililo muhimu kuliko yote nitakayosema mimi. Mama Nasra, pole na msiba wa mtoto. Nimefundisha darasa la kwanza Temeke miaka thelathini na moja, na nyimbo za watoto ndiyo kitu nilichokisoma kwa hiari yangu, nikinunua vitabu vya mtumba pale mitaa ya Posta kila nikipata mshahara. Niwie radhi kama nitakuwa mrefu.

Umeuliza swali zuri: nani aliyesema, na alijuaje? Mimi huanza na miaka. Tauni kubwa ya London ilikuwa 1665. Walioandikwa kwenye orodha za vifo kwamba wamekufa kwa tauni mwaka ule ni zaidi ya 68,000, na wengi hawakuandikwa. Alikuwepo mtu anaitwa Samuel Pepys, mtumishi wa serikali, aliyeandika shajara kila siku. Ameandika milango iliyochorwa msalaba mwekundu, ameandika bei, ameandika mpaka alichokula. Wimbo huu haumo. Maneno yake ya Kiingereza kule Uingereza yalichapwa kitabuni 1881, na mchoraji Kate Greenaway. Toa 1665 kwenye 1881, utapata miaka 216. Wimbo wa misiba mikubwa vile ungekaa midomoni mwa watoto miaka mia mbili bila mtu hata mmoja kuunukuu?

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililonifanya niache kuiamini hadithi ya tauni. Ukifungua kitabu kile cha 1881, chafya haimo! Kuna neno la kunyamazishana, kama sisi tunavyosema "shii", limerudiwa mara nne, halafu wote wanaanguka. Hiyo "atishu" anayoimba Nasra imeingia kwenye matoleo mengine. Wajerumani nao wana duara lao la zamani, watoto watatu wamekaa chini ya kichaka wanapiga kelele "husch husch husch", na mwisho wanachuchumaa. Marekani mahali pa chafya wanasema majivu. Kwa hiyo anayesema chafya ndiyo ufunguo wa siri amechukua toleo moja, la karibuni, akalifanya ndilo asili. Hadithi yenyewe ya tauni haionekani kwenye maandishi mpaka karne ya 20. Iona na Peter Opie, mume na mke waliotumia maisha yao kukusanya nyimbo za watoto wa Kiingereza na kutoa kamusi yake 1951, waliikataa.

Kaka Mbezi, sikulaumu, ndugu yangu. Hata mimi nilifundishwa hivyo hivyo chuoni na nikafundisha hivyo kwa miaka. Hadithi hii inashika kwa sababu ina vipande vinavyoingiana, kila neno limepewa kazi. Ila kuingiana si ushahidi. Nipe wimbo wowote na ugonjwa wowote, jioni moja inatosha kuvioanisha.

Humpty Dumpty nampenda zaidi, kwa sababu yule ni wa kwetu kabisa ukimjua. Yule ni kitendawili! Mtegaji anasema: fulani alikaa ukutani, akaanguka, watu wote hawakuweza kumuunga tena, ni nani huyo? Jibu: yai. Ukitazama maneno yenyewe, mahali popote hakuna neno yai, kwa sababu kitendawili hakitaji jibu lake. Sisi tunasema "nyumba yangu haina mlango", wao walisema "alianguka hakuungika", na jibu ni lile lile. Kilichotokea ni kwamba wachoraji walianza kumchora, na picha maarufu kuliko zote ni ya kitabu cha Lewis Carroll cha 1871, yai lenye suruali limekaa ukutani. Tangu hapo mtoto anaona jibu kabla ya kusikia swali, na kitendawili kikafa kikabaki wimbo. Watu wazima wakaona ni hadithi isiyo na kichwa wala miguu, wakaanza kuitafutia siri. Wakasema ni mzinga ulioanguka kutoka ukutani kwenye mji wa Colchester, Uingereza, kwenye vita ya 1648, na farasi na askari wa mfalme wakashindwa kuunyanyua. Lakini wimbo ulipochapwa mara ya kwanza 1797, mfalme hayumo. Farasi hawamo. Waliokuja kumuunga ni watu themanini na wengine themanini. Mfalme aliingia baadaye, na ukimtoa mfalme, habari ya mzinga haina pa kushika.

Daraja la London nitalipitia haraka. Daraja la mawe lililoimbwa lilianza kujengwa 1176, likamalizika 1209, likabaki mpaka 1831, na katika miaka hiyo yote halikukoma kubomoka na kuungwa. Wimbo wenyewe unaeleza hivyo hivyo: tujenge kwa mbao na udongo, vitasombwa, tujenge kwa chuma, kitapinda. Ni maneno ya fundi! Habari ya watoto kuzikwa kwenye msingi aliieneza Alice Gomme, mwanamke msomi wa mwisho wa karne ya 19, kwa kulinganisha na mila za mahali pengine. Mifupa ya watoto kwenye misingi ile haijapatikana. Na sisi tusishangae, kwa sababu hata hapa kila daraja kubwa likianza kujengwa lazima mtu atanong'ona habari ya kafara. (Lililofuata baada ya lile la zamani Wamarekani walilinunua 1968, wakalisafirisha jiwe kwa jiwe mpaka jangwani Arizona. Lipo mpaka leo linapitisha magari.)

Kondoo mweusi alichapwa 1744, anagawa sufu yake mifuko mitatu: kwa bwana, kwa bibi, na kwa kijana wa uchochoroni. Wanaosema ni kodi ya sufu ya 1275 angalau kodi ilikuwepo kweli. Wanaosema watumwa hawana pa kushika zaidi ya neno "mweusi", na kondoo weusi wapo, nimewaona Dodoma. Hebu mama Nasra jaribu kitu kimoja: imba huo wa kondoo, halafu imba ule wa nyota inayometameta, halafu imba A-B-C-D anayoimba Nasra. Mahadhi ni yale yale kwa zote tatu! Ni muziki wa Kifaransa uliochapwa 1761. Maneno ya nyota aliyatunga Jane Taylor, yakatoka 1806, na yeye hakuyatungia mahadhi hayo. Nyimbo hizi huazimana nguo kama watoto wa nyumba moja. Ndiyo maana ni vigumu kusema "huu ulitungwa siku fulani kwa ajili ya jambo fulani".

Kaka_Mbezi:

Mwalimu shikamoo. Nimekuelewa, hiyo ya 1881 kutokuwa na chafya sikuijua. Lakini usituambie nyimbo zote za watoto ni safi. Yapo mabaya humo.

Mwalimu_Mstaafu_Temeke:

Marahaba. Yapo, na nashukuru umesema, kwa sababu hapo ndipo moyo wangu ulipo. Ule wimbo wa kuhesabia watoto ili kumpata wa kukimbiza, ambao siku hizi unasema mshike chui kidole cha mguu, Marekani walikuwa wakiuimba na neno la kumtukana mtu mweusi badala ya chui. Halikufichwa. Lilichapwa wazi, watoto wakaliimba mchana kweupe, na lilikaa miaka mingi kabla ya watu kulibadilisha. Halikuhitaji mtu wa kufumbua fumbo.

Na shuleni nilipofundisha mimi, miaka ya tisini, kulikuwa na kibwagizo cha wasichana wa kamba kilichomsema mtoto mwenye ualbino. Sitakiandika hapa. Walikiimba na yeye amekaa kwenye ngazi, kofia kichwani, akisubiri zamu yake ya kuruka. Walimu wenzangu tulikisikia kila siku. Tulikuwa tukibishana ofisini juu ya tauni ya London, huku dirishani wimbo wenye sumu ya kweli unaimbwa, na mimi nilikaa muhula mzima kabla ya kutoka nje kuwaambia waache. Alikuwa na miaka minane. Kwa hiyo mzazi akiniuliza wimbo upi aukataze, namwambia asikilize maneno yanayosikika na atazame nani anaimbiwa.

MamaNasra_Tandika:

Mwalimu shikamoo, dada nesi shikamoo. Nimesoma mara mbili, na ile ya mtoki nimemsomea mume wangu kwa sauti. Nimejaribu hiyo ya kondoo na nyota na A-B-C-D, ni kweli kabisa, nimeimba peke yangu hapa kwenye cherehani na nywele zikanisimama.

Swali la mwisho kama hamjachoka. Baada ya sauti ile kuenea, mama mwingine kwenye grupu ameanza na za kwetu. Anasema Ukuti Ukuti ni watumwa waliokuwa wakitetemeka kwa baridi jahazini. Mimi Ukuti nimeucheza Mtoni kwa bibi. Nao niuache?

BiMkubwa_Magomeni:

Mama Nasra, usiuache mwanangu. Mimi nimezaliwa Mafia, sasa nina wajukuu kumi na mmoja hapa Magomeni, na huo nimeucheza kabla ya wengi wenu kuzaliwa.

Mtoto wa pwani halazimiki kuambiwa ukuti ni nini. Kuti ni lile jani zima la mnazi, tunalosuka kuezekea. Ukuti ni kile kimoja chembamba chembamba, kinachoning'inia pembeni. Upepo wa kusi ukianza, mnazi wenyewe umesimama, shina halitikisiki, lakini zile kuti ndogo zinacheza zote kwa pamoja na kutoa sauti kama mvua ya mbali. Tulikuwa tunashikana mikono uwanjani chini ya minazi yenyewe, tunazunguka, tukifika pale pa upepo tunatetemesha mabega na viuno, tunashuka polepole mpaka chini, na anayeanguka kwanza anachekwa. Tulikuwa tunaiga kilichokuwa juu ya vichwa vyetu. Aliyesema ni watumwa hajakaa chini ya mnazi siku ya upepo.

Utumwa ulikuwepo pwani hii, Bagamoyo na Kilwa wanaujua, na wazee wetu waliusema kwa majina na kwa kulia. Hawakuuweka kwenye mchezo wa watoto ili aje mtu wa simu aufumbue.

Na kuna maneno ambayo hata maana hayahitaji. Bibi yangu alipotaka kutupa hadithi alisema "Paukwa!" tukaitika "Pakawa!" Halafu anashuka: kaondokea chenjagaa, kajenga nyumba kakaa, mwanangu mwanasiti, kijino kama chikichi, cha kujengea kikuta na vilango vya kupitia. Nikamuuliza siku moja, bibi, chenjagaa ni nani? Akaniwekea kiganja chake kichwani, kilikuwa kinanuka vitunguu, akasema, "Chenjagaa ndiye huyo aliyejenga nyumba. Umekaa vizuri?" Nikasema nimekaa. Akaanza hadithi. Nimewarithisha wajukuu maneno yale yale, na wakifika kwenye "kijino kama chikichi" wote wananionyesha meno.

Nesi_wa_Usambara:

Bi mkubwa umenikumbusha mama yangu. Mama Nasra, mwache mtoto aanguke. Kuanguka kwa mchezo ni afya yake.

MamaNasra_Tandika:

Wakuu, nimerudi kuwapa mrejesho. Jana usiku nilituma kwenye grupu maelezo ya dada nesi na ya mwalimu, nikaandika na miaka, 1665 na 1881. Aliyetuma sauti hajajibu. Wawili kati ya wale watatu wamekubali nyimbo zibaki, na huyo wa gauni amekuja leo kumpima mtoto, hatujaongelea hela. Mmoja bado anakataa, na mwalimu wa darasa amesema mtoto wake atacheza Ukuti na kikundi kingine, maana sasa wameongeza Ukuti.

Nasra nilimkalisha kwenye stuli, nikamwambia samahani, mama alisikia maneno yasiyo ya kweli akaogopa. Akaniuliza, "Ya nani?" Nikasema ya kwenye simu. Hakuimba. Akasokota ribeni kidoleni.

Nikamwambia, basi Humpty Dumpty ni kitendawili, na wenzako wote hawajui. Hapo akanitazama. Nikamfundisha namna ya kutega. Baba yake alivyorudi kutoka kazini saa mbili, hata viatu hajavua, Nasra kamkimbilia mlangoni: "Kitendawili!" Baba yake akaitika, "Tega!" Akamtegea kwa Kiswahili chake: kuna mtu kakaa ukutani, kaanguka pwaa, watu wote wamekuja kumgundisha wameshindwa. Baba akakisia glasi. Akakisia bodaboda. Akashindwa, Nasra akadai mji, akapewa Mwanza.

Akapanda kwenye stuli, mikono kiunoni, gauni la pinki limejaa pini upande mmoja, akasema: "Nikaenda Mwanza, nikala sato, nikaogelea ziwani, nikamletea mama zawadi. Jibu lake ni yai!" Halafu akaruka, "olifoldauni", akaangukia vitambaa, na akalala pale kafumba macho ananisubiri.

Nilicheka, wakuu. Pini mbili zimempotelea kwenye pindo, mpaka sasa bado nazitafuta.